Dereva wa Msafara Usiosimama

Guleid Jama alikuwa dereva tangu ndevu zake zilipoanza kuota. Babake, Mzee Jama, Msomali, aliletwa Isiolo na jeshi la Mwingereza, akastaafu hapo, akafuga ng'ombe, na ng'ombe walipokwisha kwa ukame akanunua lori kuukuu. Guleid alijifunza lori hilo kuanzia chini, akiwa amelala chali vumbini na spana mkononi, hata alipokuja kushika usukani alikuwa anajua kila mlio wake kama mama ajuavyo kilio cha mwanawe. Alimwoa Habibo, binti wa jirani, wakamzaa Sahro na wadogo zake. Alikuwa mtu mtaratibu, msafi wa nguo, na akiwa mjini hakukosa safu ya mbele msikitini.

Kisha vikaja vita vya shifta, wale waasi waliotaka kaskazini ijitenge na Kenya iungane na Somalia.

Wafugaji Waborana walikusanywa na wanyama wao, wakawekwa katika vijiji vyenye ulinzi, Garba Tula, Merti na kwingineko, na wenyewe wakauita wakati huo Daaba, yaani kusimamishwa. Watu waliokatazwa kuhama na mifugo watakula nini? Ikabidi unga uwafuate huko waliko. Malori ya Isiolo yakachukuliwa kuubeba, na la Guleid likiwemo. Yalitoka asubuhi kwa msafara, Landrova ya jeshi mbele, lori la askari nyuma, na amri ilikuwa moja tu: hakuna kusimama njiani.

Mwanzoni madereva waliichukulia amri hiyo kama amri nyingine zote za serikali. Ikawa hivyo mpaka siku ya Lowoi. Lowoi alikuwa Mturkana wa Ngaremara, dereva mcheshi ambaye angeweza kumchekesha hata askari wa kizuizini. Karibu na Kula Mawe alibanwa na haja ndogo, akatoka kwenye mstari, akaruka chini. "Nitawapata mbele," alimwambia mwenzake. Risasi zilitoka kichakani kabla hajafunga suruali. Walimrudisha Isiolo juu ya magunia ya unga, na Guleid, ambaye lori lake lilikuwa nyuma ya la Lowoi, aliyaona yote kupitia kioo cha mbele.

Tangu siku hiyo Guleid alijifunza kubana.

Ndani ya lori alikuwa na tanboi wake, yaani utingo, Mungania, Mmeru mtu mzima, Mkristo, mtu wa maneno machache, aliyekuwa naye tangu kabla ya uhuru. Mungania alikuwa na kopo lake la mafuta chini ya kiti, na akizidiwa alilitumia bila kuona haya. "Mzee, si utumie tu hili?" aliuliza siku moja. Guleid alikataa. Mikono yake ilikuwa kwenye usukani, barabara ni mashimo na mchanga, na tone moja likigusa nguo lingemharibia swala. Heri kubana. Alibana kutoka Isiolo mpaka Garba Tula, na wakati mwingine lori moja likikwama mchangani msafara mzima ulikaa juani saa nyingi, hakuna ruhusa ya kushuka, naye akabana tu. Madereva wenzake walimpa sifa. Walisema Guleid ana kibofu cha ngamia, akinywa leo atakojoa wiki ijayo. Yeye alicheka nao. Kusema kweli alijivunia.

Hakuna aliyemwambia kwamba kibofu ni nyama kama nyama nyingine.

Ugonjwa ulikuja polepole, kama maji yanayopenya chini ya ukuta. Kwanza aligundua kwamba akifika mwisho wa safari, badala ya mkojo kutoka kwa nguvu, lazima asubiri. Alichuchumaa, akangoja, akakohoa, akangoja tena. Ukitoka, unatoka mwembamba, unakatika, unaanza tena. Akisimama anahisi bado umo ndani. Kisha ile hamu yenyewe ikaanza kupotea; siku nyingine alifika Isiolo hajahisi kitu, huku tumbo chini ya kitovu limekuwa gumu kama kibuyu kilichojaa. Akamshukuru Mungu, akidhani amezoea. Baada ya hapo ndipo matone yakaanza kumtoka yenyewe, akiinua gunia, akicheka, hata akiwa ameketi kimya anakunywa chai.

Hilo ndilo lililomvunja. Mtu aliyekuwa akikagua pindo la kikoi chake kabla ya kutoka nyumbani sasa alikuwa na kitambaa kilichokunjwa ndani ya nguo, na harufu aliyodhani kila mtu anaisikia. Alitia udhu, na kabla hajafika mlangoni pa msikiti ulikuwa umeshavunjika. Akarudi nyuma safu moja, kisha safu ya mwisho, kisha hakwenda tena. Marafiki walipomuuliza alisema ni uchovu wa njia. Usiku, wakati wa kafyu, hakuna aliyeruhusiwa kutoka hata kwenda chooni uani, naye alihitaji kuamka mara nyingi. Kwa hiyo akahamisha godoro lake kwenye chumba cha stoo, pamoja na spea za lori na ndoo moja, na mlango akaufunga kwa ndani. Habibo aliuliza mara moja tu. Alipojibiwa kwamba kule kuna hewa nzuri, akarudi jikoni.

Siku aliyokamatwa walikuwa Garba Tula. Unga ulikuwa umeshushwa na msafara unangoja amri ya kurudi. Askari walikuwa wapya, chini ya luteni kijana aliyeletwa kutoka bara, ambaye hakumjua mtu yeyote na hakumwamini yeyote mwenye jina la Kisomali. Tangu asubuhi Guleid alikuwa hajakojoa. Safari hii hamu haikupotea. Ilimjia kwa maumivu kama ya kisu. Alienda nyuma ya migunga, akachuchumaa, akakosa. Akarudi kwenye kivuli cha lori. Chai aliyomiminiwa na Mungania haikuwa imepoa alipoondoka tena. Alipokuwa akirudi kwa mara nyingine, jasho likimtiririka, akakuta mtutu wa bunduki unamngoja njiani.

"Unakutana na nani huko, mzee?" askari aliuliza.

"Sikutani na mtu. Nimeenda haja."

"Haja gani hiyo? Nimepita hapo ulipokuwa. Mchanga ni mkavu."

Akapelekwa mbele ya luteni, mikono juu. Madereva walisimama kando ya malori yao wakitazama, na hakuna aliyethubutu kusogea. Luteni alimsikiliza askari wake, kisha akamtazama Guleid kutoka kofia hadi viatu.

"Kila mara unaenda kichakani, unakaa, unarudi. Hukojoi. Unamwachia nani alama?"

Guleid angesema nini? Kwamba mwanamume mzima, baba wa watoto, ameshindwa na jambo ambalo hata mtoto wa jana analiweza? Mbele yake walikuwa vijana wa umri wa wanawe, na nyuma yake wenzake waliomwita ngamia. Kwa kitambo alihisi kwamba kuitwa shifta ni afadhali.

"Nimeenda haja, afande," alirudia. "Haki ya Mungu."

"Haya. Kojoa hapa."

"Hapa?"

"Hapa hapa kwenye gurudumu. Kama ni haja kweli, tutaiona."

Guleid alichuchumaa kando ya gurudumu la lori lake mwenyewe, mgongo kwa askari. Alisukuma mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Machozi yalimtoka, mkojo haukutoka. Nyuma yake mtu alicheka kidogo, kisha akasikia bunduki ikikokiwa, na akaanza kusoma shahada kimoyomoyo.

"Afande," sauti ilisema. "Mwenyewe hawezi kukwambia. Acha niseme mimi."

Ni Mungania. Alikuwa ametoka kwenye mstari, kofia mkononi.

"Mungania, nyamaza," Guleid alisema bila kugeuka.

"Nimenyamaza sana, Mzee, na ona imetufikisha wapi." Akamgeukia luteni. "Huyu ni mgonjwa. Mkojo umekataa kutoka, si leo tu, ni tangu mwaka jana. Mimi nakaa naye kwa gari. Kiti chake nakipangusa mimi kila jioni, na sijawahi kumwambia kwa sababu najua angeona aibu afe. Nyinyi mmetukataza kusimama na yeye akatii. Mguse tumbo hapa chini. Ukikuta niko mwongo, tupeleke sisi wawili."

Guleid hakujua kwamba Mungania alijua. Siku zote alidhani kile kiti hukauka chenyewe kwa jua. Aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa tairi.

Luteni akamwita Koplo Isaac, aliyekuwa mtu wa dawa wa kikosi. Isaac akapiga magoti mchangani, akatia mkono chini ya kikoi cha Guleid, na mara uso wake ukabadilika.

"Afande, kibofu kimepanda mpaka kitovuni. Ukimwacha hivi atakufa hapa hapa."

Wakambeba hadi kwenye hema. Isaac alichemsha mpira mwembamba, akaupaka mafuta, akamwambia Guleid avute pumzi na afikirie kitu kingine. Guleid alifikiria Habibo. Palikuwa na uchungu wa kuunguza, kisha Isaac akasema "Bismillahi yenu, mzee," na mkojo ukaanza kutiririka kwenye karai. Ulitiririka na ulitiririka. Isaac akaubana mpira, akaacha apumue, akaufungua tena. Karai likajaa, likamwagwa, likaletwa tena. Guleid alilia kwa sauti na hakujali nani anamsikia; raha ile ilikuwa kubwa kuliko haya. Luteni alikuwa amesimama mlangoni pa hema. Alitazama karai la pili, akavua kofia yake, akaivaa tena.

"Mpeni chai," alisema.

"Si sasa, afande," Isaac alijibu. "Chai ndiyo kitu cha mwisho anachohitaji."

Hakuomba radhi, yule luteni. Lakini katika msafara wa kurudi Guleid alilazwa kwenye Landrova ya mbele, na Mungania, ambaye hakuwa na leseni, akaachwa aendeshe lori bila kuulizwa swali.

Kutoka Isiolo alipelekwa hospitalini Meru, juu kwenye baridi, ambako migomba iliota hadi dirishani. Daktari alikuwa mtu mwenye nywele nyeupe aliyezungumza Kiswahili cha polepole. Alimpima sukari, akamgonga magoti na mgongo, akavaa glavu na kumpima pale ambapo Guleid hakuwahi kudhani mtu atampima. Alipomaliza alivuta kiti akaketi.

"Wanaume wa rika lako wakija na shida hii, mara nyingi ni tezi dume," alisema. "Imevimba, imeziba njia, na tunawapasua. Yako si kubwa. Njia yako iko wazi. Aliyechoka ni kibofu chenyewe. Ni msuli, unajua? Ukijaa unakaza ili usukume mkojo nje. Wako umevutwa kupita kiasi, mara nyingi mno, na sasa haukazi."

Guleid alifikiri kidogo. "Kama ule mpira wa tyubu tunaofungia mzigo," alisema. "Ukiuacha umevutwa juani siku nyingi, ukiufungua haurudi."

"Ndivyo. Pengine ulikuwa na udhaifu wa zamani, siwezi kuapa. Lakini huko kubana hakukukusaidia."

"Na yale matone? Mimi nilidhani kibofu kiko tupu, kinavuja."

"Kilikuwa kimejaa pomoni. Kilichokuwa kikikutoka ni kile kisichopata nafasi."

"Utarudi, huo mpira?"

"Kidogo. Tuupumzishe kwanza." Kisha daktari akasema wazi kwamba hautarudi kuwa wa kijana.

Akawekewa mpira na chupa, akaambiwa akae hivyo majuma kadhaa. Alilala akitazama ukuta. Wagonjwa wenzake, wakulima wa Kimeru, walimsalimu habari za asubuhi, naye akajibu kwa adabu na kugeukia ukuta tena. Ndipo alasiri moja akasikia sauti anayoijua inamuuliza nesi mahali alipo.

Msomali kutoka Isiolo kwenda Meru wakati ule alihitaji pasi, na Mungania ndiye aliyehangaika kwenye maofisi mpaka Habibo akaipata. Mungania alimfikisha mlangoni, akaona chupa chini ya kitanda, akasema ana haja ya kununua viazi sokoni, akaondoka.

Habibo hakuketi. Alisimama akiushika mtandio wake kwa mikono yote miwili.

"Baba Sahro, ni kweli aliyoniambia Mungania?"

"Ni kweli."

"Mwaka mzima?"

"Karibu mwaka."

"Na mimi unanihamia stoo, unafunga mlango." Akaukunjakunja mtandio mikononi. "Unajua nilidhani nini? Walaahi nilidhani umeoa. Nilidhani una mke Garba Tula. Nimemlaani mwanamke huyo kila siku na sura yake siijui!"

Guleid alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Mke gani, Habibo? Na mimi nimelowa kama kitoto?"

Habibo alicheka. Kicheko kilimtoka ghafla, akakizuia kwa mtandio, na chini ya mtandio kikageuka kilio. Aliketi ukingoni mwa kitanda.

"Mficha maradhi, kilio humfichua," alisema. "Kilio hicho kingekuwa changu mimi. Ungepigwa risasi kwa sababu ya mkojo, na mimi ningeambiwa mume wangu alikuwa shifta. Watoto wako wangelibeba jina hilo mpaka lini?"

Guleid alinyoosha mkono, naye Habibo akauacha huko hewani kidogo, ili ajue ameudhika, kisha akaushika.

Mara ya kwanza walipoutoa ule mpira, mkojo ulikataa, wakaurudisha. Guleid alikata tamaa siku hiyo hata chakula hakula. Mara ya pili ulikuja, mwembamba, lakini ulikuja. Daktari alimfundisha namna ya kuishi nao: asingoje kubanwa bali aende kwa saa, hamu iwepo isiwepo, achuchumae bila haraka, abonyeze chini ya kitovu kwa kiganja, akimaliza asimame, atembee kidogo, kisha arudi tena, kwa sababu daima kuna kilichobaki. Usukani wa safari ndefu aliambiwa ausahau. Hilo lilimuuma kuliko ule mpira.

Aliporudi Isiolo, mtu wa kwanza kuja kumwona alikuwa Maalim Halake, imamu wa msikiti wake, Mborana mwenye kikohozi kisichokwisha. Habibo ndiye aliyemwita, bila kuomba ruhusa. Guleid alimweleza yote akitazama mkeka.

"Kwa hiyo uliacha msikiti kwa matone?" Maalim aliuliza.

"Nilikuwa najisi, Maalim."

"Ulikuwa mgonjwa. Mwenye udhuru husubiri wakati wa swala uingie, hujisafisha, hufunga kitambaa safi, hutia udhu, huswali. Kitakachomtoka baada ya hapo hakimvunjii swala yake. Wanazuoni walilijibu jambo hili kabla babu zetu hawajazaliwa." Akakohoa kwa muda mrefu. "Ungeniuliza tu, Guleid. Mimi mwenyewe huamka usiku kuliko paka. Unadhani ni wewe peke yako mwenye kibofu?"

Ijumaa hiyo Guleid alikwenda. Aliketi karibu na mlango, kwa tahadhari, na watu walimpisha bila kumuuliza neno.

Mungania alipata leseni, akashika usukani wa lori mpaka vita vilipoisha. Siku moja alileta habari kwamba msafara sasa unasimama katikati ya njia, mahali peupe pasipo na vichaka. Askari hushuka kwanza, hugeukia nje, na madereva wote hushuka baada yao.

"Luteni alisema kwa nini?" Guleid aliuliza.

"Hakusema. Alisema tu, 'Shukeni, mkojoe.'"

Guleid alitikisa kichwa kwa kukubali na kuendelea kufungua kabureta aliyokuwa nayo mapajani. Uani kwake sasa palikuwa gereji. Alitengeneza malori ya wenziwe, na saa ikifika aliweka spana chini, akaenda zake chooni na kukaa huko kadiri alivyohitaji, mteja angoje. Siku mbaya hazikuisha. Kulikuwa na homa za mkojo zilizomrudisha Meru mara kwa mara, na kulikuwa na asubuhi ambazo hakuna alichokitoa ila kwa kubonyeza mpaka mkono unachoka. Lakini stoo ilirudi kuwa ya spea, na godoro lilirudi mahali pake.

Madereva wa miraa kutoka Meru walikuwa wakipitia kwake kukaza breki kabla ya kushuka jangwani. Mmoja wao aliitwa Kiugu, kijana wa haraka, aliyejisifu kwamba anafika Marsabit bila kushuka garini. Siku moja aliingia chooni kwa Guleid, akakaa. Alitoka, akazunguka gari lake, akarudi tena ndani. Alipotoka safari hiyo alimkuta Guleid ameketi kwenye tairi, birika la chai ubavuni, na tairi jingine amelivuta karibu yake.

"Keti hapa, Kiugu," alisema. "Breki zako ziko sawa. Niambie mengine."

Kijana alitazama huku na huku, akaona hakuna mtu mwingine uani. Akaketi, akasugua viganja vyake kwenye magoti, akaanza kusema.